Fundi anataka 50,000 aniwekee antivirusi ya "full". Nimpe?

Mshauri, habari za kazi.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Korogwe. Nyumbani tuna kompyuta moja ya mezani, Dell ya mtumba tuliyoletewa kutoka Dar, Core i5, RAM 4, Windows 10. Kila mtu ana shughuli yake nayo. Mimi natunga mitihani na kujaza alama, baba watoto anaweka hesabu za duka la pembejeo na siku hizi anaingia benki humo humo, kijana wangu wa kidato cha tatu anajisomea, na wadogo zake wanashusha katuni na gemu nikiwa sipo.

Taabu ilianzia kwenye flashi. Nikitoka steshenari kuchapisha mitihani, nikiichomeka nyumbani nakuta folda zote zimeota kimshale kidogo kwenye kona. Nikibonyeza, folda inafunguka kama kawaida, basi nikawa sijali. Juzi niliichomeka kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma, folda ya alama za kidato cha pili haikuonekana kabisa, na nikaambiwa mbele za watu kwamba mimi ndiye ninayeleta virusi shuleni.

Nyumbani nako, kwenye kona ya chini kulia ya skrini panajitokeza kiboksi chenye nembo ya McAfee. Kinasema kompyuta ina virusi 5, ulinzi umeisha muda, tulipe leo. Hatujawahi kununua hiyo McAfee. Mtoto wa mwisho akikiona anakimbia kuniita.

Nimemwita fundi aliyetupigia Windows upya mapema mwaka huu. Anasema Windows haina antivirusi, ndiyo maana tunateseka, na kwa 50,000 ataniwekea Kaspersky "full", ya maisha. Shemeji yangu aliye chuo Arusha anasema Kaspersky ni ya Warusi na Wamarekani wameipiga marufuku, tuweke Avast ya bure. Baba watoto anasema tuweke zote mbili tulale usingizi. Jirani anasema antivirusi ni kuifanya tu kompyuta kuwa nzito.

Nilitaka kusahau: siku ile fundi alipomaliza kupiga Windows alituambia tusiwashe ule ulinzi wake, tukiuwasha itaanza kudai leseni.

Naomba uniambie, niweke ipi?

Mwalimu M., Korogwe


Shikamoo Mwalimu.

Hiyo 50,000 ibaki kwako kwanza. Na baba watoto asiingie tena benki kwenye kompyuta hiyo mpaka tumalize haya. Leo jioni achukue simu yake abadilishe neno la siri la benki na la barua pepe, kwa simu, si kwa kompyuta. Hilo halingoji antivirusi.

Umeuliza uweke ipi, ila jambo kubwa katika barua yako ni lile ulilotaka kulisahau. Fundi alisema msiwashe ulinzi, maana yake ulinzi upo. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Windows inakuja na antivirusi yake ndani. Leo inaitwa Microsoft Defender. Hainunuliwi na haiishi muda. Kwa maelezo yako, fundi alipiga Windows kisha akaifungua kwa kraki, yaani programu ya kuvunja leseni, na Defender huzijua kraki za namna hiyo na kuzifuta mara moja, ndiyo maana karibu kila kraki huja na maelekezo ya kuzima antivirusi kwanza. Sasa aliyeizima ndiye anayekuja kukuuzia nyingine. Simsemi kwamba ana nia mbaya. Mafundi wengi wamejifunza hivyo hivyo, na wateja tunapenda bei ya chini. Lakini kukwambia Windows haina antivirusi si kweli, na anajua.

Hakikisha mwenyewe. Bonyeza Start, andika Windows Security, fungua, kisha ingia "Virus & threat protection" na "Manage settings". Swichi ya kwanza kabisa, "Real-time protection", iko wapi? Ikiwa imezimwa na pameandikwa kwamba mpangilio huo unasimamiwa na administrator (msimamizi) wako, jiulize huyo ni nani, maana nyumbani kwako administrator ni wewe. Kisha shuka mpaka chini, fungua "Exclusions". Hapo huwekwa vitu ambavyo Defender imeamriwa isivikague. Orodha hiyo inatakiwa iwe tupu. Ukikuta pameandikwa C:\ peke yake, ujue diski nzima imesamehewa ukaguzi, na hata ukiiwasha swichi ile ya juu, Defender itakaa inaangalia tu.

Najua utasema, basi niiwashe, nifute hizo exclusions, yaishe. Kwa kompyuta ya gemu tu ningekubali. Kwa kompyuta yenye mitihani, alama na benki, hapana. Kraki ilipoingizwa ilipewa mamlaka yote, na hakuna antivirusi duniani, ya bure wala ya kununua, inayoweza kukuhakikishia kwamba imeona kila kilichoingia nayo. Kuna jamii ya virusi vya kuteka mafaili inayoitwa STOP, wengine huiita Djvu, ambayo kwa miaka mingi imewapata watu wa kawaida majumbani hasa kupitia programu za kraki. Inafunga kila faili, inalibadilisha jina mwishoni, inaacha karatasi yenye jina _readme.txt. Ndani kwa miaka mingi walikuwa wakidai dola 980, au 490 ukiwatafuta ndani ya saa 72. Fikiria alama za muhula mzima humo.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kupiga Windows upya, safari hii bila kraki. Na hapa kuna jambo ambalo nadhani hukuambiwa. Dell zilizotoka maofisini kwa kawaida zilinunuliwa zikiwa na leseni halali. Kwa zile za kuanzia zama za Windows 8, namba ya leseni imehifadhiwa ndani ya bodi ya kompyuta yenyewe. Na kama Windows 10 iliwahi kuwa hai kihalali kwenye mashine hiyo, Microsoft wanaikumbuka mashine. Ukipiga toleo lile lile, Pro kwa Pro au Home kwa Home, kwa flashi iliyotengenezwa kutoka tovuti ya Microsoft, ukiunganisha intaneti inajithibitisha yenyewe bila kukuomba namba. Inawezekana kabisa kwamba fundi alikraki kompyuta iliyokuwa na leseni yake.

Kuangalia namba ya kwenye bodi, fungua Start, andika cmd, bonyeza Enter, kisha kwenye dirisha jeusi litakalofunguka andika mstari huu na ubonyeze Enter tena:

wmic path softwarelicensingservice get OA3xOriginalProductKey

Zikitokea herufi na tarakimu 25, hiyo ndiyo leseni iliyokuja na mashine. Ikitoka nafasi tupu usikate tamaa, huenda mashine bado inatambulika kwa njia ile nyingine.

Kabla ya kufuta, nakili kazi zenu kwenye diski ya nje. Chukua Word, Excel, PDF na picha tu. Usichukue gemu, wala programu yoyote inayoishia na .exe, wala folda yoyote aliyoiacha fundi. Huko ndiko ile 50,000 ingefanya kazi ya maana: kuongezea kwenye diski ya nje, ambayo baada ya hapo inachomekwa mwisho wa wiki, inanakiliwa, inachomolewa na kurudi kabatini. Ikibaki imechomekwa siku zote, virusi vya kuteka mafaili vitaifunga pamoja na kompyuta.

Sasa hiyo Kaspersky ya fundi. Leseni za Kaspersky huuzwa kwa muda, kwa kawaida mwaka, zikiisha unalipa tena. "Full ya maisha" kwa kawaida ni namba moja waliyogawiwa watu wengi, au programu iliyochezewa ili isijue kwamba muda wake umeisha. Namba ikigunduliwa inafungiwa, nawe unabaki na kibandiko kwenye skrini na ulinzi usiopata taarifa za virusi vipya. Hiyo ni hali mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu utakuwa umeamini unalindwa.

Shemeji yako yuko sahihi nusu. Juni 2024 serikali ya Marekani ilipiga marufuku Kaspersky kuuzwa nchini mwao, na kuanzia tarehe 29 Septemba mwaka huo masasisho yake yalizuiwa huko. Sababu waliyotoa ilikuwa kampuni kuwa chini ya mkono wa serikali ya Urusi, hawakusema kwamba haikamati virusi. Hapa kwetu kununua iliyo halali si kosa. Mimi nisingeinunua kwa sababu nyingine kabisa, kwamba huihitaji.

Hiyo Avast yake nayo ina historia. Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani, FTC, iliitaka Avast ilipe dola milioni 16.5 kwa kuwa ilikuwa ikikusanya habari za kurasa ambazo wateja wake walitembelea na kuziuza kupitia kampuni yake tanzu iliyoitwa Jumpshot. Kampuni hiyo tanzu ilikwishafungwa mwaka 2020, lakini unaona jinsi kitu cha bure kinavyojilipa. Tena Avast, AVG, Avira na Norton siku hizi zote ni za mwenye mali mmoja, Gen Digital, kwa hiyo watu wanaobishana kati ya Avast na AVG wanabishana kuhusu milango miwili ya nyumba moja. Zinakamata virusi vizuri, sikatai. Ila ya bure itakuwa inakurukia kila siku na matangazo ya kununua ile kubwa, na kwenye nyumba ambayo tayari watoto wanatishwa na viboksi, mimi sitaki kimoja zaidi.

Kuhusu zote mbili kwa pamoja, mwambie baba watoto hapana, kwa heshima. Antivirusi mbili zinazolinda kwa wakati mmoja hukagua faili lile lile zote mbili, hushukiana, na kwenye RAM 4 mtakaa mnangoja Excel ifunguke. Ukiweka ya kampuni nyingine, Defender hujiweka pembeni yenyewe, ukiitoa hurudi.

Jirani ana hoja. Maabara ya AV-Comparatives ya Innsbruck, Austria, wanapopima uzito wa antivirusi, mara nyingi Defender haiko kwenye kundi la zile nyepesi kabisa. Wameonyesha pia kwamba inategemea sana intaneti: ikiwa nje ya mtandao inakamata vichache kuliko baadhi ya wenzake. Kwa upande mwingine, AV-TEST ya Magdeburg, Ujerumani, wanaotoa alama hadi 18, wamekuwa wakiipa Defender alama za juu kwa miaka kadhaa. Ukiyaweka pamoja unapata jibu la kwako: nyumba yenye bando karibu kila siku, Defender inatosha, iwashe na uiache. Ungekuwa unakaa wiki nzima bila mtandao huku flashi za watu zikiingia na kutoka, ningekwambia ununue Bitdefender kwa sababu haitegemei mtandao kiasi hicho, au ESET inayosifika kwa wepesi, leseni ya mwaka mmoja, kutoka kwenye tovuti yao au kwa muuzaji anayetoa risiti. Wewe hujafika huko. Uzito utapungua zaidi ukiongeza RAM.

Kile kiboksi cha McAfee si cha McAfee, wala si virusi. Kwa maelezo yako, ni taarifa ya Chrome, ile programu ya kufungulia tovuti. Watoto waliingia kwenye tovuti ya katuni, ikawauliza kama iwe inawatumia taarifa, wakabonyeza "Allow" ili video ianze. Matapeli wanaazima nembo inayojulikana ili ukibonyeza upelekwe kulipia. Usibonyeze chochote ndani yake, hata alama ya kufunga. Ingia mipangilio ya Chrome, "Privacy and security", "Site settings", "Notifications". Utaona orodha ya tovuti zilizoruhusiwa, nyingine zina majina ya ajabu ajabu ambayo hamjawahi kuyasikia. Zifute zote, kisha juu chagua tovuti zisiruhusiwe kuuliza tena. Kompyuta ikishapigwa upya utaikuta Chrome tupu, kwa hiyo rudia kuweka chaguo hilo.

Nyumbani fungua akaunti mbili za Windows. Ya administrator ina neno la siri mnalolijua ninyi wazazi, ya watoto ni ya kawaida. Programu ikitaka kujiingiza itaomba neno la siri ambalo wao hawana. Na uwaambie jambo moja ambalo antivirusi husumbuka kulizuia: ukurasa wowote unaokwambia "thibitisha wewe si roboti" kisha ukakuelekeza kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, ubandike maandishi na kubonyeza Enter, ni mwizi. Hapo mtoto ndiye anayeiamuru kompyuta yenyewe kushusha virusi.

Flashi. Virusi vya shotikati huficha folda zako halisi na kuweka mahali pake njia za mkato zenye majina yale yale, ndiyo vile vimshale. Ukibonyeza yanafanyika mambo mawili: kwanza kirusi kinajiendesha, halafu folda halisi inafunguliwa ili usishuku. Folda ya kidato cha pili haikupotea. Huenda kompyuta ya ofisi ina antivirusi hai iliyofuta njia za mkato, ikaziacha folda halisi zikiwa bado zimefichwa. Kwa hiyo usikubali mtu aifomati flashi hiyo kwanza. Baada ya Windows mpya kuwa tayari, ichomeke bila kufungua folda yoyote, nenda "This PC", bonyeza flashi kwa kitufe cha kulia, chagua kuikagua kwa Defender. Ikimaliza, fungua cmd na uandike, ukibadilisha E kwa herufi ya flashi yako:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri kidogo, fungua flashi. Folda zitakuwa zimerudi, wakati mwingine zikiwa ndani ya folda moja isiyo na jina. Nakili kazi zako, ndipo uifomati.

Virusi vya steshenari utavipata tena tu, maana ile kompyuta yao inapokea flashi za mji mzima na wewe huwezi kuitibu. Ningesema watumie mitihani kwa WhatsApp, lakini mtihani uliotumwa kwa simu ya steshenari unaweza kukutangulia darasani. Tenga flashi moja ndogo ya kwenda huko tu. Iwe na PDF ya mtihani wa siku hiyo, isiwe na alama wala kitu kingine. Ukirudi, ichomeke kwenye kompyuta ya nyumbani, ifomati kabla ya kuifungua.

Kuna jambo la mwisho ambalo antivirusi haiwezi kulifidia. Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Defender yenyewe itaendelea kupata taarifa za virusi vipya kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028, lakini matundu ya usalama ya Windows hayazibwi tena bila kujiandikisha kwenye mpango wa nyongeza wa Microsoft, uitwao ESU, ambao kwa watu wa nyumbani unaishia tarehe 13 Oktoba 2026. Matundu si maneno ya kutisha watu: WannaCry, virusi vingine vya kuteka mafaili, Mei 2017 ilipita kwenye tundu ambalo Microsoft walikuwa wametoa kiraka chake Machi mwaka huo huo, na walioumia wengi ni wale ambao hawakukiweka. Windows 11 inakubali rasmi Core i5 za kizazi cha 8 na kuendelea, pamoja na kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0. Nyingi za mtumba ni za chini ya hapo. Ikiwa yako ni mojawapo, jiandikishe mpango huo mara tu baada ya kupiga upya, kisha muanze kuweka akiba ya mashine nyingine, au kijana wa kidato cha tatu ajaribu Linux Mint, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows, ambao ni wa bure na unaenda vizuri kwenye mashine za umri huo.

Fundi usimfukuze. Mwite, mlipe kazi ya kupiga Windows, lakini kaa naye mezani. Flashi aitengeneze mbele yako kutoka tovuti ya Microsoft, asizime kitu, asiongeze kitu. Akisema bila kraki haiwezekani, muonyeshe zile tarakimu 25. Kazi ikiisha, ingia "Settings", "System", "About", piga picha ukurasa huo na uutume kwangu. Nikiona jina kamili la prosesa nitakwambia kama mashine inapokea Windows 11 au la.